Kifaru Kilichozidi Milimita 56

MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo lililopita niliahidi kujibu maswali ya wanaojenga modeli, ziwe za meli, nyumba au magari. Barua zilizokuja karibu zote ni za vifaru vya vita. Nimefurahi mno. Tangu nikifundisha mchoro wa ufundi hadi sasa nilipostaafu na kuweka meza yangu barazani hapa Bwiru, Mwanza, ikitazama ziwa, hakuna kitu nilichokijenga mara nyingi kama kifaru, na hakuna kilichonifundisha kupima kama hicho. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine. Naomba lisomwe hata na wale ambao barua zao zimepata mistari michache, kwa kuwa kosa lililomo nimelikuta kwenye barua nne.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mabango hapa Buzuruga. Vipande vya bodi ya plastiki vinavyobaki kazini nimeamua kuvijengea kifaru cha Kijerumani, Leopard 2A4, kwa skeli ya 1:35. Nimesoma kwamba urefu wake ni mita 9.67. Nimegawa kwa 35 nikapata mm 276, nikakata bodi. Lakini nikipanga magurudumu, saba kila upande, yanaachana sana, na kifaru kinaonekana kama basi. Hesabu nimeirudia mara tatu, iko sawa. Nimekosea wapi?*

Marahaba, fundi. Hata ungerudia mara kumi ungepata jibu lile lile, maana kugawa umegawa vizuri. Kosa liko kwenye namba uliyoigawa. Hizo mita 9.67 ni urefu wa kifaru kizima mzinga ukiwa umeelekezwa mbele, yaani kutoka chuma cha mwisho cha nyuma hadi mdomo wa mtutu. Bodi peke yake, ile inayobeba magurudumu, ina mita 7.72. Gawa kwa 35 utapata mm 220 na nusu. Wewe umekata 276. Umemwongezea mnyama mm 56 za tumbo, ambazo kwenye kifaru halisi ni karibu mita mbili. Ndiyo maana umeona basi.

Majedwali mengi huandika neno moja tu, "urefu", yakaishia hapo. Kimo nacho ni hivyo hivyo: mita 2.48 ni kutoka ardhini hadi paa la kichwa (kile chumba cha juu kinachozunguka na mzinga), lakini juu ya paa kuna periskopu ya kamanda, ya kutazamia nje akiwa ndani, na bunduki, na wengine hupimia huko. Upana wa mita 3.70 unahesabu na sketi za pembeni, yale mabati yanayofunika mnyororo. Ukikata sakafu ya bodi kwa mm 106 halafu ukabandika sketi kwa nje, umeshapita. Kwa hiyo kabla hujaandika namba daftarini, andika pembeni yake imeanzia wapi na imeishia wapi. Nilipokuwa darasani, mwanafunzi aliyeniletea kipimo kisicho na mishale miwili sikumpa alama, hata kama namba yenyewe ilikuwa sahihi. Hadi leo sijabadili msimamo.

Sasa, hizo mm 56 usizifute daftarini, zina kazi. Ukishakata bodi mpya na kukalisha kichwa mahali pake, mdomo wa mtutu unatakiwa upite mbele ya pua ya bodi kwa mm 56 hizo hizo. Ukipita zaidi au ukipungua, ama kichwa umekikalisha vibaya ama mtutu si wa kifaru hicho. Mzinga wa Leopard 2A4 ni wa mm 120, na huitwa L/44 kwa sababu urefu wa mtutu ni mara 44 ya upana wa tundu lake: 120 mara 44 ni mm 5,280, sawa na mm 151 kwa skeli yako. Si zote zitakazoonekana, kwa kuwa sehemu ya nyuma imo ndani ya kichwa. Tundu lenyewe linakuwa mm 3.4. Nenda kwa mafundi redio pale Mlango Mmoja, waombe eriali ya redio iliyovunjika. Ule mrija unaoingiana ni chuma kilichonyooka kuliko chochote utakachoviringisha mwenyewe, na kati ya vipande vyake hukosi kimoja chenye tundu linalokaribia hapo. Ule uvimbe wa katikati ya mtutu, unaovuta moshi wa baruti usirudi ndani kwa askari, uongeze kwa kuzungushia karatasi yenye gundi nyeupe, kisha msasa.

Kuna vipimo ambavyo hakuna jedwali litakalokupa: mlango wa dereva uko wapi, taa imekaa umbali gani kutoka ukingoni. Hivyo vinatoka kwenye picha, na hapa gurudumu ndilo rula yako. Gurudumu la Leopard 2 lina kipenyo cha mm 700, ambacho kwa 1:35 ni mm 20 kamili, kipimo kizuri ajabu. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni, kwa mbali, mpiga picha akiwa amesimama katikati ya ubavu wa kifaru. Pima gurudumu kwenye picha. Likiwa mm 14, basi kila mm 14 za picha ni mm 20 za modeli yako, na unaweza kupima sketi, mapengo ya magurudumu, hata vishikio. Ila sheria hiyo inashika kwa vitu vilivyo kwenye ubavu ule ule tu. Kichwa kimesogea ndani, kiko mbali zaidi na kamera, kwa hiyo kitasoma kidogo kuliko kilivyo. Na picha ya simu iliyopigwa kwa karibu usiitumie kabisa, inavimbisha cha mbele na kufinya cha nyuma. Tafuta picha za vifaru vilivyowekwa makumbusho, kama makumbusho ya vifaru ya Munster huko Ujerumani au ya Bovington, Uingereza, kwa sababu wageni huvizunguka kwa utulivu na kuvipiga picha kila upande. Kambi ya jeshi usiisogelee na kamera wala na futi ya kupimia. Hilo nalisema kwa wasomaji wote.

Umeniandikia pia kwamba una picha 40. Nakuomba uzipange upya kabla ya kukata kitu kingine. Leopard 2 ni jina la familia. 2A4 ina uso wa kichwa uliosimama wima kama ukuta, na darubini kubwa ya mpiga mzinga imo kwenye kitundu kilichokatwa upande wa kulia wa uso huo. Kuanzia 2A5, ya miaka ya 1990, uso ulivalishwa deraya yenye ncha kama mshale na ile darubini ikapandishwa juu ya paa. 2A6 ikapewa mtutu mrefu zaidi, L/55, wenye mita 6.6. Miaka mingi iliyopita nilijenga Leopard kwa miezi minne, bodi ya A4, darubini ya A5, mtutu wa A6, kwa sababu picha zangu zilikuwa za vifaru vitatu na mimi niliziona zote kuwa za kimoja. Mtutu ulizidi karibu mm 38. Niling'oa kichwa chote nikaanza upya, na tangu siku hiyo kila modeli yangu ina bahasha moja yenye picha za kifaru kimoja, ikiwezekana chenye namba ile ile ubavuni.

Jambo la mwisho kabla hujatoboa matundu ya ekseli. Kila gurudumu la Leopard 2 limeshikwa na mkono uliofungwa kwenye ufito mrefu wa chuma uliolala sakafuni kutoka ubavu hadi ubavu. Gurudumu likipanda jiwe ufito unajinyonga, likishuka unajinyoosha, na hiyo ndiyo springi yake. Fito mbili haziwezi kulala mahali pamoja, kwa hiyo zinapangwa ubavu kwa ubavu, na matokeo yake magurudumu ya kushoto na ya kulia hayatazamani sawasawa. Ya upande mmoja yametangulia kidogo. Ukipitisha ekseli moja iliyonyooka kama ya mkokoteni umefuta kitu ambacho mhandisi wa kifaru alikubali kukibeba. Nafasi kati ya gurudumu na gurudumu nayo usiigawe kwa bikari. Pima kila pengo peke yake.

Na ile bodi ya mabango usiiache juani. Inajikunja.

*Mwalimu, mimi ni fundi baiskeli hapa Musoma. Nimetumia cheni za baiskeli kuwa minyororo ya kifaru changu cha 1:35. Inazunguka vizuri sana, lakini rafiki yangu anasema haifanani. Mimi naona inafanana. Nani yuko sahihi?*

Rafiki yako. Naona ulivyofurahia kuona minyororo ikizunguka, na furaha hiyo naielewa, lakini tuhesabu. Pini hadi pini ya cheni ya baiskeli ni mm 12.7. Zidisha kwa 35: umefunga kifaru chako mnyororo wenye vipande vya sentimita 44. Mnyororo wa Leopard 2 una vipande 82 kila upande, na kwa skeli yetu kipande kimoja ni mm 5 na kidogo. Mzunguko wote ni kama mm 430. Kwa cheni yako utapata vipande 34 hivi mahali pa 82, na jicho huona hilo kabla kichwa hakijahesabu. Upana nao umekosekana: mnyororo halisi una mm 635, yaani mm 18 kwenye modeli, wakati cheni ni nyembamba kama kidole cha mtoto.

Mimi hutengeneza kipande kimoja kimoja. Vipande 164, pande zote mbili. Wapo wanaosema sketi zinafunika nusu ya juu ya mnyororo, kwa hiyo tengeneza vya chini tu, ukiziba juu kwa utepe. Sikubaliani nao. Mnyororo usio mzima haulali vizuri. Unakazwa na gundi mahali ambapo ungepaswa kukazwa na uzito wake, na kule mbele na nyuma, unapoinuka kwenda kwenye spoketi (gurudumu la meno linalouvuta mnyororo) au gurudumu la mwisho, utaona umesimama kama mkanda wa kiunoni.

Kadi za benki zilizokwisha muda wake ndizo plastiki ninayoipenda kwa kazi hii. Unene wake ni mm 0.76 popote duniani, kwa hiyo kadi kumi kutoka kwa watu kumi zitakupa vipande vinavyolingana. Kata vipande vya mm 18 kwa 5, gundisha viwili viwili ukiacha mfereji mwembamba katikati, upitishe uzi wa mshipi ndani kama unavyotunga shanga. Kwa nje bandika vipande viwili vidogo vya mpira wa tyubu ya baiskeli (hapo wewe hukosi mali), maana kila kipande cha mnyororo wa Leopard kina sahani mbili za mpira zinazokanyaga barabara bila kuichimba. Kwa ndani, katikati, weka jino. Jino hilo hupita kati ya magurudumu mawili pacha na kuuzuia mnyororo usichomoke.

Hayo magurudumu pacha ni 28 kwa jumla, duara 14 kila upande. Usiyachonge. Nunua paipu nyeupe ya kupitishia waya za umeme ukutani, ile ya mm 20. Kipenyo chake cha nje ni mm 20 kweli, nimeipima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, kwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Ikate pete pete, ziba katikati kwa duara la kadi, na gurudumu limepatikana. Spoketi iko nyuma, usiiweke mbele. Na jino la spoketi lazima liingie kwenye nafasi ya mnyororo. Likikalia kipande badala ya kuingia nafasini, mtazamaji hatajua kilichomsumbua, lakini kitamsumbua.

*Gundi ya supa inaniachia ukungu mweupe kwenye plastiki. Nifanyeje? Msomaji, Sengerema.*

Unamimina nyingi. Mvuke wake ndio unaorudi kukaa juu ya plastiki, hasa ukifanyia kazi kwenye boksi au chumba kisicho na hewa. Chovya ncha ya sindano, gusa kiungo, basi. Weka feni ndogo ipulize kutoka ubavuni. Ukungu uliokwisha kukaa unatoka kwa msasa laini wenye maji. Kwa paipu za umeme achana na gundi ya supa, tumia gundi ya mabomba ya PVC, ila nje, si chumbani.

*Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alikwenda Vita vya Kagera. Sasa ni mzee na haongei sana kuhusu hayo, lakini akiona kifaru kwenye televisheni hunyanyuka kitini. Ningependa nimjengee kile walichokuwa nacho. Ninaambiwa kilikuwa cha Kichina. Nianzie wapi? Msomaji, Bukoba.*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili kabla ya kuiweka na nyingine.

Jeshi letu lilikwenda na Type 59, kifaru cha Kichina kilichotokana na T-54A ya Urusi ya Kisovieti. Bodi yake ina mita 6.04, upana mita 3.27, na mzinga wa mm 100. Kwa 1:35, bodi mm 172 na nusu, upana mm 93 na nusu. Ni kidogo na kifupi ukikilinganisha na Leopard, na hicho kimo cha chini ndicho kinachokipa sura yake: kichwa cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, wala si kuta na pembe.

Magurudumu ni matano kila upande, na baina ya la kwanza na la pili pana pengo kubwa kuliko mengine. Hilo pengo ndilo kitambulisho chake. Ukilikosea, mtu aliyetembea karibu na kifaru hicho kwa miezi atajua papo hapo. Kipenyo cha gurudumu ni mm 810, kwa hiyo mm 23 kwenye modeli. Paipu ya umeme ya mm 20, ukiivisha mkanda wa mpira wa tyubu hadi kalipa isome 23, itakupa gurudumu na tairi lake kwa mkupuo mmoja.

Kingine, hakina rola za juu. Leopard ina rola nne kila upande zinazobeba mnyororo unaporudi mbele. Type 59 haina hata moja. Mnyororo unalala juu ya magurudumu yenyewe, ukipanda kila gurudumu na kushuka kidogo kwenye kila nafasi, na kwenye lile pengo la kwanza unashuka zaidi. Usiukaze. Kama mnyororo wako ni mwepesi na hautaki kulala, ushone chini kwa uzi mwembamba hadi gundi ikauke, kisha ukate uzi.

Lakini kabla ya yote hayo, kaa na mzee. Usimuulize habari za vita. Muulize kifaru kilikuwa kimefungwa nini. Kifaru kilicho safarini hubeba vitu: gogo nyuma la kujikwamulia matopeni, madumu, turubai, masufuria, mabegi ya watu waliopanda juu. Vitu hivyo havimo kwenye mchoro wowote, na yeye anavyo. Akisema gogo lilifungwa kwa kamba badala ya mkanda wa chuma, weka kamba, hata kama picha zote ulizonazo zinaonyesha mkanda. Baba yangu mdogo naye alikuwa huko, askari wa miguu. Nilimjengea Type 59 akiwa hai, nikaiweka mezani bila kusema neno. Aliigusa sehemu moja tu, kile kibati cha juu ya mnyororo upande wa nyuma, akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa." Sikuwa nimewahi kumsikia akisema alipandishwa kifaru.

Tope liwe la kwenu. Udongo mwekundu wa Kagera, si wa hapa Mwanza. Uchekeche kwa soksi nyembamba ya kike, si kwa chujio la chai, kwa sababu hii: punje ya mchanga ya nusu milimita ni karibu mm 18 kwa skeli ya 1:35, yaani kokoto. Kwenye modeli tunatumia vumbi, mchanga hauna nafasi.

*Kwa kifuniko cha kujificha nimefikiria wavu wa dagaa, jicho la mm 8. Niko Mwaloni, vipande havina bei. Je, unafaa?*

Haufai. Jicho la mm 8 ni sentimita 28 kwenye kifaru halisi, kichwa cha mtu kinapita. Tumia chandarua cha mbu kilichochanika, au bandeji ya hospitali iliyoloweshwa kwenye chai na gundi nyeupe. Ila mshipi wako mwembamba kabisa utunze, utakufaa kwa eriali.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Kirumba. Mwanangu ana miaka 11, anakusoma kila toleo, na sasa sebule yangu imejaa kadi zilizokatwa. Nina maswali mawili. La kwanza ni kisu. La pili, jirani ananiambia ninamlea mtoto kupenda vita.*

Mama, kisu kwanza. Kinachokata vidole ni wembe butu, kwa sababu mtoto hukandamiza na wembe ukateleza. Mpe kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma badala ya ya plastiki, na umwelekeze akate kwa kupitisha mara tano au sita kwa wepesi, mkono wa kushoto ukiwa nyuma ya njia ya wembe siku zote. Anapobadilisha wembe, uwepo. Vipande vya wembe vya zamani viingie kwenye kopo lenye kifuniko. Rangi ya kupuliza asiishike mpaka awe mkubwa. Apake kwa brashi.

Na la pili nalichukua kwa uzito ule ule ulioliandikia. Kifaru ni chombo cha kuua, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa hivyo. Mwambie. Mwambie ndani ya Leopard hukaa watu wanne, kila mmoja ana mama. Mimi niliwaambia wanangu, na waliendelea kujenga, na swali walilouliza lilikuwa watu hao wanatokaje kikishika moto. Tulitumia jioni nzima kutafuta milango yote kwenye mchoro, wa dereva, wa kamanda, wa mpakiza risasi, na kupima kama mtu mwenye mwili wangu angepita. Mtoto anayehesabu milango ya kutokea anajifunza kitu tofauti na yule anayefyatua bunduki ya plastiki uwanjani. Jirani yako ana haki ya kuuliza. Mkaribishe aje akae na mtoto saa moja, amuulize mwenyewe.

*Rangi, Mwalimu. Ninapuliza kijani, kahawia na nyeusi za NATO, na kila mara kesho yake nakuta imejaa vijidudu. Kifaru kimeota manyoya. Msomaji, Nansio, Ukerewe.*

Pole sana. Wewe umezungukwa na maji pande zote, kwa hiyo linakupata zaidi kuliko sisi.

Nianze na rangi zenyewe. Wajerumani walianza mchoro huo wa rangi tatu katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo vifaru vyao vilikuwa na rangi moja, zaituni yenye umanjano. Namba za viwanda ni RAL 6031 kwa kijani, RAL 8027 kwa kahawia na RAL 9021 kwa nyeusi. Kwa fundi wa rangi za magari anayechanganya kwa kompyuta, namba hizo zinamtosha. Lakini ukipata kopo lenye namba sahihi kabisa, usipake lilivyo. Kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile, kwa kuwa kifaru halisi unakitazama kupitia hewa na mwanga wa mita nyingi. Ongeza rangi ya kijivu hafifu, tone kwa tone. Nyeusi hasa: isiwe nyeusi ya kiatu kipya. Tazama lami ya barabara ya lami ya zamani mchana, ikiwa kavu. Hiyo hiyo.

Mipaka ya rangi kwenye kifaru halisi ina ukungu mwembamba sana, maana imepulizwa. Kwa 1:35 ukungu huo unakaribia kutoonekana. Bandika utepe, au vipande vya udongo wa mfinyanzi vilivyoviringishwa kama tambi, upulize ukiwa umesimama wima juu ya mpaka.

Sasa wadudu. Hao wanaoinuka ziwani kama nguzo za moshi hutoka kwa wingi wakati mwezi unapoandama, na wavuvi wa dagaa wanaohesabu giza na mbalamwezi watakwambia tarehe kuliko kalenda yangu. Uwaulize. Siku hizo usipulize rangi kabisa, fanya kazi ya kukata. Siku nyingine pulizia asubuhi, jua likishapanda kidogo na kabla upepo wa ziwani haujaanza kuleta vumbi. Ikifika saa tatu asubuhi rangi iwe imeshaguswa na kidole bila kushika. Kisha ifunike. Mimi nina boksi la katoni lenye dirisha la chandarua kilichokunjwa mara mbili, modeli inakaa ndani juu ya kopo, hewa inapita, mdudu hapiti.

Waliokwisha kunasa usiwatoe rangi ikiwa mbichi, mabawa yatabaki na miguu itachora mistari. Acha siku mbili ikauke kabisa, wakwangue kwa ukucha, pitisha msasa laini wenye maji, upulize tena safu nyembamba. Na jioni ukienda kuitazama, kwa sababu najua utakwenda, zima taa ya baraza kwanza ndipo ufungue boksi.